Joho la Sir Anatoli

Jumapili, 7 Septemba

Leo, ndizi zikiwa bado zinafuka moshi mezani, mume wangu amenitangazia kwamba atakuwa naiti. Nikamuuliza naiti ni nini. Nilijua, ila nilitaka kumpa nafasi ya kurudi nyuma. Hakurudi. Akanieleza kama anavyoeleza kila kitu, tangu mwanzo wa dunia: askari wa Ulaya ya zamani, mavazi ya chuma, farasi, mfalme kumgusa mtu mabegani kwa upanga, na tangu siku hiyo mtu anaitwa Sir mpaka kaburini. Kuna chama kinachoendeleza heshima hiyo, anasema, kiongozi wake ni mwana wa mfalme, na kimemteua yeye, Anatoli, mpanga mizigo wa ghala la Landover.

"Wamekuteua au umejiandikisha?"

"Vyote viwili."

"Na joho?"

"Joho unalipia mwenyewe."

Namwelewa, ndiyo maana naona aibu zaidi. Kabla hatujaja huku alikuwa mwalimu wa historia Bukoba. Alipofika kwenye ukabaila wa Ulaya alichukua mpini wa fagio, akawapigisha wanafunzi magoti mmoja mmoja na kuwagusa mabega. Walimpenda. Huku Hyattsville, Marekani, hakuna anayemwita mwalimu. Tanzania nzima inawatania Wahaya kwa kupenda sifa, na mimi Mnyakyusa nimekuwa wakili wake miaka yote. Leo nimekosa utetezi. Nikaosha vyombo kwa kelele.

Jumatano, 10 Septemba

Mvua kutwa. Anafanya mazoezi ya kupiga goti mbele ya kochi. Goti la kushoto linalia kama bawaba.

Jumamosi, 20 Septemba

Tumetoka Fairfax. Naandika nikiwa bado na viatu.

Ilikuwa hotelini, chumba cha mikutano. Chumba cha pili walikuwa na sherehe ya mama mjamzito, maputo ya rangi ya waridi mpaka mlangoni kwetu. Mwana wa mfalme ni mzungu mfupi mwenye mkufu mzito na joho jeusi. Kwenye upindo wa joho kulikuwa na kile kikaratasi cha dobi, kimebanwa kwa pini, na hakuna aliyemwambia. Nilimuuliza mke wa mmoja wa wateule ni mwana wa mfalme wa nchi gani. Akanitajia. Nikaitafuta kwenye simu chini ya meza. Nchi hiyo haipo. Ilikufa kabla bibi yake bibi yangu hajazaliwa.

Walipewa u-Sir siku hiyo hiyo daktari wa meno, dalali wa nyumba, na mama mmoja anayefuga mbwa wa maonyesho, huyo akawa Dame, yaani Sir wa kike. Wangu alikuwa wa mwisho. Alivaa suti yake ya misiba. Akaulizwa maswali kwa Kiingereza cha kale: Utamzuru mgonjwa? Utamtetea mjane na yatima? Utamzika maiti asiye na ndugu? Kila swali alijibu kwa sauti ya kujaza ukumbi, utadhani ameulizwa na Mungu, na watu wa maputo wakachungulia mlangoni.

Kisha akapiga goti. Hapo ndipo niliangalia zulia. Kwetu Tukuyu mwanamke humpigia goti mkubwa wake, na kwao Bukoba vilevile, na mimi goti langu nililiacha uwanja wa ndege Dar es Salaam. Nilisema sitampigia mtu goti tena. Halafu namwona mwanamume wangu, nywele zimejaa mvi, amemwinamia mtu mwenye kikaratasi cha dobi. Upanga ukagusa bega hili, ukagusa lile.

"Inuka, Sir Anatoli."

Akainuka akilia. Machozi kabisa. Nilipiga makofi kwa vidole viwili, nikatangulia garini.

Jumapili, 21 Septemba

Amerusha picha kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya. Joho, mkufu, macho mekundu. Baada ya misa ya Kiswahili, Serah, muuguzi kutoka Nakuru na rafiki yangu wa karibu, alipaza sauti uwanja mzima: "Sir! Sir Anatoli! Ai, na hatuinamii mtu hapa?" Watu wakacheka. Fahmi wa Tanga, ambaye hata si wa kanisa letu, alipiga simu mchana: "Shikamoo Sir. Kweli nchi hii kila mtu na riziki yake."

Nasikia kicheko kila upande. Yeye anasikia heshima. Wamemvisha kilemba cha ukoka naye anauliza kioo kiko wapi.

Alhamisi, 25 Septemba

Bibi ninayemhudumia kazini alinipongeza. Hata huko imefika.

Jumamosi, 4 Oktoba

Wameunda kamati.

Asiyetujua hawezi kuelewa uzito wa neno hilo. Sisi watu wa huku, Mtanzania, Mkenya, Mkongo, hatufanyi jambo bila kamati. Mtoto kubatizwa, kamati. Binti kuagwa, kamati. Mtu kumaliza chuo, mtu kufa, kamati. Ikishaundwa haivunjiki. Ina mwenyekiti, ina mweka hazina, ina mshereheshaji, ina sare. Sasa kuna kamati ya kumpongeza Sir Anatoli. Mwenyekiti ni Gitau, dereva wa basi la chuo pale College Park. Mweka hazina ni Serah, rafiki yangu mwenyewe, hakunidokeza hata neno. Mshereheshaji ni Phineas, ambaye akishika kipaza sauti humnyang'anyi.

Nilimsubiri Anatoli mpaka akavua viatu. Nikamwambia awaambie ukweli kabla mambo hayajafika mbali.

"Ukweli gani?"

"Kwamba ni chama cha kujitungia. Kwamba umelipia."

"Kila joho linalipiwa, Bupe. Hata la padri lina aliyelilipia."

"Siku wakigundua watatucheka mpaka tuhame."

Akakunja soksi zake, moja ndani ya nyingine, kama kawaida yake. Nilimwona mjinga. Naandika neno hilo kwa kuwa ndilo nililolifikiri.

Jumapili, 12 Oktoba

Kitenge cha sare kimefika. Kijani, na ngao ndogo ndogo za njano. Ngao! Serah alinipa doti yangu imekunjwa vizuri. Nikamwambia nitaona. Nimeitia chini ya kabati, nyuma ya pasi mbovu.

Ijumaa, 17 Oktoba

Mama yake Audrey, yule Mkongo wa Riverdale, amefariki. Anatoli ameomba ruhusa kazini na kutoweka. Hata si ndugu yake. Watanzania wakifiwa, yupo. Wakenya, yupo. Sasa na Wakongo. Mkuu wake wa zamu ameshamwonya. Mimi nilibaki na zamu yangu, na foleni ya barabara ya Marlboro Pike, na gari linalopiga kelele breki.

Jumatatu, 20 Oktoba

Audrey amekuja kushukuru na mfuko wa matembele. Macho yamevimba.

"Papa Anatoli alibakia na mama mpaka mwisho," alisema. "Ile siku ya kumvalisha, miye sikukuwa na nguvu. Ni yeye alisaidia mashangazi kumgeuza, kisha akatoka akasimama ku mlango, hakwenda. Aksanti, mama. Aksanti kwa kutuazima bwana yako."

Nikamwambia hamna shida. Baada ya kuondoka nilifikiri tu kwamba amekosa siku tatu za kazi.

Jumapili, 2 Novemba

Saa zimerudishwa nyuma, kama kawaida ya huku kila Novemba. Saa kumi na moja jioni ni giza. Majani yote yamekwisha kwenye ule mti wa maegesho. Sherehe ni Jumamosi hii.

Jumamosi, 8 Novemba

Nataka kuandika yote kama yalivyokuwa bila kujipendelea.

Ukumbi wa kanisa ulijaa. Sijaona watu wengi vile tangu harusi ya binti wa mwenzetu Elisante. Wanawake wote kijani na ngao za njano: mashati, magauni, vilemba, hata watoto. Mimi nilivaa gauni la bluu. Nilipoingia, Serah alinitazama toka juu mpaka chini, akanivutia kiti bila neno. Anatoli aliingia na joho lake, Phineas akitangaza, watu wamesimama wanapiga vigelegele. Alitembea taratibu, anajizuia kuchechemea. Walimkalisha meza ya mbele, mimi pembeni yake, nyuma yetu kitu kirefu kimefunikwa kitambaa.

Tulipokuwa tunakula nilisikia vijana wawili meza ya nyuma, watoto wa kuzaliwa huku, wanaelewa Kiswahili wanajibu Kiingereza. Mmoja akauliza ni Sir wa nini hasa, "Sir of what, though?" Mwenzake akacheka mpaka akakohoa. Moto ukanipanda kichwani. Nikajiambia: hawa watoto wanajua, basi wazazi wao watajua kesho. Kama aibu lazima itoke, bora itoke kinywani mwangu, ifanane na utani, niwe upande wa wanaocheka.

Phineas akanyoosha kipaza sauti. "Na sasa, wageni waalikwa, nyuma ya kila Sir kuna Lady! Lady Bupe, tupe neno!"

Nikasimama. Nikasema asanteni kwa chakula. Kisha nikasema, ninyi mmevaa ngao, lakini mimi niliyelala na huyu mtu miaka yote niwaambie siri. Nchi ya yule mfalme haipo. Nimeitafuta. Siku ile walipewa u-Sir daktari wa meno na mama wa mbwa, mlango wa pili kuna maputo. Huyu amelipia joho kama unavyolipia gari lioshwe. Kwa hiyo msichoshe magoti bure, mume wangu ni Sir wa hotelini.

Nilisubiri kicheko.

Hakikuja. Mpiga kinanda alitoa mikono kwenye kinanda. Wale vijana wawili waliokuwa wanacheka waliinamisha vichwa kwenye sahani. Nilimwona Fahmi amefumba macho. Audrey alikuwa ameshika mdomo.

Anatoli akasimama. Akafungua kifungo cha joho shingoni, kilimsumbua, hakuna aliyemsaidia kwa kuwa hakuna aliyethubutu kusogea. Akalivua, akalikunja nne, akaliweka juu ya kiti.

"Ni kweli alivyosema mke wangu," alisema, bila kipaza sauti. "Samahanini kwa usumbufu."

Akaenda kona ya ukumbi akaanza kukusanya sahani zilizotumika, kama anavyofanya kwenye sherehe za watu wengine.

Sikuweza kukaa wala kuondoka. Nikakimbilia jikoni. Gitau alinifuata, amebeba sufuria tupu ili aonekane ana shughuli.

"Shemeji," alisema, "kwani ulidhani sisi hatuna Google?"

Akaweka sufuria chini.

"Tuligoogle hiyo chama the same day. Siku ileile ya picha. Kila mtu hapa anajua ni ya uongo. Mpaka watoto."

"Sasa kwa nini?"

Serah alikuwa ameingia nyuma yake. Ndiye aliyejibu, na hakuwa na utani hata kidogo. "Kwa sababu kamati haikai bila sababu, Bupe. Wewe unajua. Hamna mtoto wa kubatizwa. Hamna wa ku-graduate, hamna wa kuoa. Mnachangia kila mtu, mnabeba viti vya kila mtu, na haijawahi fika siku yenu. Tulimwomba tumfanyie birthday, akakataa. Mara tatu. Hii alikubali. Tukasema haya, hii ndiyo sababu, iwe ya uongo, iwe ya nini, sisi tunajua tunamshukuru nini."

Akanishika mkono akanirudisha mlangoni. Kile kitu kirefu nyuma ya meza yetu kilikuwa kimeshafunuliwa, sijui na nani. Ilikuwa keki. Juu, kwa sukari ya kijani, wameandika: Sir Anatoli na Lady Bupe, Asanteni. Hakuna aliyeikata.

Jumapili, 9 Novemba

Sikwenda misa. Yeye alikwenda, akakaa nyuma kabisa, nimeambiwa.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimemvua nguo mume wangu hadharani. Nimejaribu kulisema kwa njia nyingine, hakuna.

Nilimwambia samahani asubuhi, akiwa anafunga kamba za viatu. Akasema, "Haya." Baadaye, mkono ukiwa kwenye kitasa, akaniambia bila kunigeukia: "Mimi ni mwalimu wa historia, Bupe. Nchi ambayo haipo ningeijua. Lakini yale maswali waliyoniuliza yalikuwa ya kweli." Akaenda kazini.

Kwa hiyo na yeye alijua. Ukumbi mzima ulijua, mpaka watoto, na mtu pekee aliyekuwa hajui kinachoendelea pale ni mimi niliyesimama kuwaelimisha. Nimekaa ukingoni mwa kitanda mpaka nikachelewa zamu.

Ijumaa, 14 Novemba

Anasema karibu, anasema asante kwa chai. Hanitazami. Joho limo ndani ya mfuko wa takataka mlangoni, ila hajalitupa, na mimi sithubutu kuligusa.

Jumatatu, 17 Novemba

Nimetoa kitenge nyuma ya pasi mbovu. Nimeazima cherehani kwa Serah. Alinipa bila kuuliza, na hilo liliniuma kuliko kama angeniuliza.

Alhamisi, 20 Novemba

Isack amefariki, dereva wa ubalozini, yule mpole wa kucheka kwa mabega. Moyo. Gitau alipiga simu, Anatoli akaipokea mezani mbele yangu. Nilisikia sauti ya Gitau: Benadetha, mjane wake, anakuulizia, mwili unasafirishwa Jumapili, kesho kutwa ni kumvalisha.

"Tafuteni mtu mwingine," Anatoli alisema. "Mimi sifai kwa mambo hayo. Watu wakiniona watakumbuka mengine, msiba utageuka kichekesho."

Akakata, akaendelea kula. Miaka yote sijawahi kumsikia akikataa msiba. Nikasukuma sahani yangu pembeni.

Jumamosi, 22 Novemba

Asubuhi nilivaa sare. Mkono wa kushoto umeshonwa umepinda, nikauvaa hivyo hivyo. Yeye alikuwa kwenye kochi, televisheni imezimwa, anaitazama. Nikachukua ufunguo wa gari.

Benadetha alikuwa kwenye chumba cha kusubiria cha nyumba ya mazishi, suti ya mumewe mapajani, ndani ya plastiki. Dada zake wako Mwanza. Aliponiona na zile ngao aliinuka haraka, akatazama nyuma yangu.

"Sir yuko wapi?"

Alisema Sir. Si kwa utani, ndivyo anavyomwita. Nilitaka kusema ana zamu. Nilitaka kusema goti linamsumbua, na lingekuwa kweli.

"Yuko nyumbani," nilimwambia. "Hawezi kuja kwa sababu yangu. Nilimvunjia heshima mbele yenu wote, sasa anaona hana uso wa kuwatazama. Nimekuja badala yake."

Benadetha alinitazama. Macho yake yalikuwa makavu, ya mtu aliyekwisha kulia.

"Dada Bupe, nakushukuru. Lakini Isack alikuwa mtu mwenye haya. Hata mimi hakutaka nimwone akiumwa. Alikwisha sema, siku ikifika, Anatoli. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na ya huyu Anatoli hataisema popote. Nenda kamlete. Mimi nasubiri."

Niliendesha mpaka nyumbani. Mvua ilikuwa imeanza, ile nyembamba ya Novemba. Njia nzima nilitunga hotuba, nikaipanga na kuipangua. Nilikuwa na maneno mazuri sana.

Alikuwa palepale kwenye kochi. Nikasimama mbele yake na sare yangu yenye mkono uliopinda, nikafungua mdomo, na hotuba yote ikayeyuka. Nilitazama mikono yake. Mikono ya mpanga mizigo, imepasuka vidoleni, na ndiyo iliyowafunga tai waume za watu na kuwafumba macho, na mimi nilikuwa nahesabu siku alizokosa kazini.

Nikapiga goti. Kwanza moja, kisha la pili, juu ya zulia letu lenye doa la chai. Sikuwa nimelipiga tangu Dar es Salaam na lilitoa sauti.

"Benadetha anakusubiri," nilisema. "Isack alikutaja wewe. Mimi hawanitaki, na wana haki. Nilikudharau, Anatoli. Si siku ile tu. Nilikudharau tangu Septemba, na pengine kabla."

Nilisikia mvua kwenye dirisha na friji ya jirani. Nilibaki nimeinama, naangalia soksi zake. Nikawaza kwamba akiniacha pale mpaka usiku, ni sawa.

Kisha akanyoosha mkono, akaushusha begani kwangu, bega lenye mshono mbovu.

"Inuka, Bupe," alisema. "Tunamchelewesha Isack."